Dakika Hamsini

Jumanne nyanya alipolazwa Kisumu, binamu yangu alinipigia kutoka Dubai. "Wewe si uko karibu? Ndege ni dakika hamsini tu."

Hakudanganya. Kutoka JKIA hadi uwanja wa Kisumu ni kama kilomita 280 angani. Kwa barabara, ukipitia Nakuru na Kericho, ni kama 350, na basi la usiku hukuweka njiani saa saba au nane.

Lakini mimi naishi Pipeline, Embakasi. Juu ya ploti, pale tunapoanika nguo, naziona ndege zikipaa. Uwanja ni jirani yetu, ila majirani zangu wengi wakiingia huko wanaenda job: kufagia, kupakia mizigo, kulinda. Hata ulipofunguliwa 1958, ulikuwa umejengwa kwa jasho la wafungwa wa enzi ya Mau Mau, watu waliozuiliwa kurudi kwao. Kuona ndege kila siku hakumaanishi unaweza kuipanda.

Kwa hiyo ile "tu" ya binamu iliniuma. Yeye alihesabu dakika, mimi nikahesabu shilingi. Tiketi ya kesho yake ilizidi kodi yangu ya mwezi.

Nikabaki na swali: safari ikifupishwa, wajibu unaongezeka? Reli ilifika Kisumu 1901, na kwa miaka mingi baadaye, mtu wa Nairobi akichelewa matanga alisamehewa. Alikuwa mbali, basi. Siku hizi hakuna aliye mbali. Ndege imetunyang'anya udhuru sote, lakini kiti imewapa wachache. Si haki kumpima mtu kwa dakika ambazo hana uwezo wa kuzinunua. Anayelaumiwa kwa kukosa nauli ameonewa mara mbili.

Hiyo hoja niliibeba siku tatu. Niliirudia kwa mat, nikaipeleka kazini, nikamwelezea rafiki yangu hadi akakubali. Bado naamini ni ya kweli.

Ijumaa usiku nikapanda basi. Tulipofika Kericho, alfajiri, simu ikalia. Sikuhitaji kuambiwa, mathe hakuweza kumaliza sentensi.

Nilipotulia, wiki kadhaa baadaye, ndipo nikaona kitu rahisi sana. Basi lilikuwepo hata Jumanne. Nauli yake nilikuwa nayo mfukoni. Ningeomba ruhusa kazini, labda ningekatwa mshahara wa siku mbili, na Jumatano asubuhi ningekuwa kando ya kitanda chake. Nilishughulika sana na ndege nisiyoweza kuipanda hadi nikaacha basi nililoweza.

Sijabadilisha msimamo. Bado nasema binamu hakuwa na haki ya kutamka "tu". Kuna umbali ambao umaskini umeuweka, na huo usimwaibishe mtu. Ila kuna mwingine tunauongeza wenyewe, kidogo kidogo, kisha tunauficha nyuma ya ule wa kweli. Ukiwa na hasira yenye haki, ni ngumu kuona hiyo nyongeza.

Mathe bado yuko Kisumu. Siku hizi akipiga simu na sauti yake iko chini, siangalii bei ya tiketi ya ndege. Nauliza kwanza basi la usiku linatoka saa ngapi.