Deni ya baba ni deni ya mutoto?

Kila mara tunaposikia kwamba inchi imesaini mukopo mupya juu ya barabara ao umeme, swali moja linarudi katika mitaa ya Bukavu: "Sisi hatukukulaka ile feza, juu ya nini batoto betu bailipe?" Ni swali la haki, na haifai kulijibu kwa hasira tu. Desturi zetu zililifikiria zamani, ingawa kwa mambo ya mashamba na ng'ombe, si kwa miliari za dola.

Katika Bushi, mutu aliyetafuta udongo alikuwa na njia mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mukubwa wa kilima, mbele ya mashahidi, akapata haki ya kukaa pale na kuwaachia watoto urithi. Ya pili ni bwasa: aliazima shamba kwa muda mufupi, akalipa kwa kazi ya mikono ao kwa sehemu ya mavuno. Mwenye bwasa hakuruhusiwa kupanda migomba, kwa maana mugomba unakaa miaka mingi, na shamba si lake.

Desturi hiyo haikuwa ya malaika. Kulikuwa wakubwa walionyanganya wadogo. Lakini ndani yake kuna akili: ilijulikana ni kitu gani kinatolewa, kitu gani kinarudishwa, na nani ameona. Tena kalinzi haikufunga mutu mumoja, ilifunga nyumba. Mutoto alirithi shamba pamoja na heshima aliyopaswa kumupa mwenye udongo. Basi jibu la kwanza la wazee ni kali: ndiyo, deni ya baba inaweza kuwa deni ya mutoto, kama mutoto anakula katika shamba lile.

Tupime jibu hilo hapa kwetu. Muto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu karibu na Nguba yetu. Kituo cha Ruzizi I ni cha wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1950. Ruzizi II ilianza kazi mwaka 1989, nayo ni mali ya inchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, chini ya shirika SINELAC. Ilijengwa kwa feza za Benki ya Dunia na za Ulaya. Umeme unakatika, ndiyo, na kila mama wa nyumba anajua bei ya makala. Lakini mutu aliyesoma usiku kwa taa ya Ruzizi hawezi kusema kwamba hakuonja kitu. Deni ya namna hiyo inatuhusu.

Sasa tuangalie upande mwingine. Miaka ya 1970 Zaïre ilikopa feza nyingi juu ya bwawa la Inga na waya wa umeme unaokwenda mpaka Katanga, zaidi ya kilometa 1,700. Waya ule ulipita juu ya vijiji na vijiji bila kuwasha hata taa moja, kwa sababu ulitengenezwa kwa ajili ya migodi. Mwaka 1978 FMI ilimutuma Erwin Blumenthal, Mujerumani, kufanya kazi ndani ya Benki ya Zaïre. Mwaka 1982 aliandika wazi kwamba wenye kukopesha hawana tumaini la kurudishiwa feza zao, kwa sababu ya wizi wa wakubwa. Hata hivyo waliendelea kukopesha. Hapa kosa si la mukopaji peke yake. Anayemupa mulevi feza za nyumba, akijua vizuri zinakwenda wapi, atasimama namna gani mbele ya watoto wa mulevi kuwadai?

Tarehe 1 Julai 2010, Kongo ilifika mwisho wa mupango wa PPTE, ikasamehewa deni ya karibu miliari 12.3 za dola. Tulishangilia. Lakini kusamehewa si kuhesabiwa. Deni ilifutwa, na wananchi hawakuonyeshwa nani alikula nini.

Kabla ya musamaha huo, mukataba mwingine ulikuwa umekwisha kusainiwa. Mwaka 2008 serikali ilipatana na kompani za China: wao wanajenga barabara na hospitali, sisi tunalipa kwa shaba na kobalti ya Kolwezi. Ndiyo Sicomines, ambamo Wachina wana 68 kwa mia na Kongo 32. Mupango ulianza na miliari 9 za dola, kisha FMI ikasukuma mpaka ukashushwa kwa miliari 6 mwaka 2009, na nusu yake ilikuwa ya barabara na majengo. Mwaka 2023 Inspection générale des finances ilitangaza kwamba juu ya majengo hayo zilikuwa zimetoka milioni 822 tu. Mwaka 2024 mukataba uliandikwa upya: sehemu ya majengo ikapanda mpaka miliari 7, milioni 324 kila mwaka, lakini kwa sharti bei ya shaba isianguke.

Wazee wangeuliza: hii ni kalinzi ao bwasa? Kwa kweli si moja wala nyingine. Musimu wa bwasa ukiisha, shamba linarudi, na udongo bado upo. Shaba ikichimbwa hairudi. Tunalipa barabara itakayoharibika kwa mvua ya miaka michache, kwa mali iliyowekwa chini ya udongo mara moja tu. Anayelipa namna hiyo anapaswa kuwa na macho mawili wazi, kwa maana analipa kwa kitu cha watoto wasiozaliwa.

Jirani zetu pia wameonja. Reli mupya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 kwa mukopo wa China, lakini Wakenya walingoja mpaka Novemba 2022 kuona kurasa za mikataba. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na pale wageni wa arusi hawakuonyeshwa hata bei ya ng'ombe.

Mimi sisemi tusikope. Bila mukopo Ruzizi II isingekuwako. Nasema deni inafunga watoto kwa masharti mawili: nyumba ilijua, na nyumba ilikula. Pasipo hayo, ni deni ya mutu, si deni ya nyumba; na aliyekopesha kwa siri achukue sehemu yake ya hasara.

Katika likelemba zetu, mutunza feza akikopa kwa jina la kundi bila mukutano, tunamwambia: "Hiyo ni yako." Hatuhitaji avoka kujua hivyo. Basi wabunge wetu wakirudi kutusalimia, tuwaulize jambo dogo lile lile: mukataba ulisomwa wapi, na mashahidi walikuwa nani?