Desturi na Ahadi katika Namba za Herufi

Swali la zamani la falsafa, kama jambo lililoshuhudiwa mara zote linastahili kuitwa la lazima, limepata makao mapya katika programu za lugha ya C, ambazo husifiwa kuwa zinaweza kuhamishwa kutoka kompyuta ya aina moja hadi nyingine bila kuandikwa upya. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba pamba ikiguswa na moto huungua kwa desturi aliyoiweka Mungu, wala si kwa ulazima uliomo ndani ya moto wenyewe. Mwandishi wa programu anayeitambua herufi kwa kupima tu kama namba yake iko kati ya ile ya a na ile ya z naye ameigeuza desturi kuwa sheria. Katika ASCII, mpangilio uliotolewa kwanza mwaka 1963 unaoipa kila herufi namba yake, a ni 97 na z ni 122, bila pengo. Katika EBCDIC, mpangilio wa mashine kubwa za IBM, i ni 137 ilhali j ni 145. Kiwango rasmi cha C cha mwaka 1989 kiliahidi kuwa tarakimu 0 hadi 9 zitafuatana, ila kwa herufi hakikuahidi hivyo.

Katika milima ya Rurambo, juu ya mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kosa la aina hii laweza kujificha muda mrefu. Programu ya kuandikisha watu ikijaribiwa kwa majina ya Rurambo, Uvira na Lemera itafaulu, maana yote huandikwa kwa herufi zisizo na alama, na kila jaribio litazidisha imani pasipo kuzidisha ujuzi. Lakini majina mengi ya ubatizo huko ni ya Kifaransa. Katika UTF-8, mpangilio wa herufi uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, é ya Espérance huchukua baiti mbili, 195 na 169, hivyo jina la herufi 9 huhesabiwa kuwa na 10. Tena, kwenye kompyuta za Intel, ambako kwa kawaida char, yaani chombo cha C cha kubebea baiti, hukubali namba hasi, 195 husomwa -61, na amri ya isalpha, inayouliza kama alama fulani ni herufi, hupewa namba ambayo kiwango hakikueleza matokeo yake. Kwenye Linux ya ARM hasi hiyo kwa kawaida haitokei.

Yaweza kujibiwa kwamba hakuna awezaye kuishi akishuku kila kitu, na hakika Al-Ghazali mwenyewe hakuutia mkono motoni. Ila utetezi huo unamfaa zaidi mpishi kuliko mwandishi wa C, kwa kuwa desturi za moto hazikuandikwa popote, ilhali ahadi za C zimeandikwa na zinasomeka.