Nani Atibiwe Kwanza?

Juzi tulikwenda zahanati tukakuta watu wengi wamekaa wakingoja zamu. Kijana mmoja akatuamkia, "Shikamoo Mwalimu, pita mbele." Tukapita. Nyuma yetu alibaki mama mwenye mtoto aliyekuwa akihema kwa shida. Tangu siku hiyo hatuna raha, na tumelikumbuka swali ambalo majeshi yamelibeba kwa zaidi ya miaka 200: nani atibiwe kwanza?

Zamani mwenye cheo ndiye aliyetangulia, na askari wa kawaida aliweza kulala uwanjani mpaka mapigano yaishe. Dominique Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, hakukubali. Alitengeneza magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi mapema, na katika vita vya Urusi vya 1812 alishika kanuni moja: aliyeumia vibaya zaidi ahudumiwe kwanza, bila kutazama cheo. Mwaka 1859, huko Solferino katika Italia, Henry Dunant aliona maelfu ya majeruhi wasio na wa kuwatunza. Juhudi zake zilisaidia kuleta Mkataba wa Geneva wa 1864, ulioagiza kwamba hata majeruhi wa adui atunzwe.

Wako wasemao kwamba daktari wa jeshi ni mtumishi wa jeshi. Basi amtibu kwanza yule atakayerudi upesi vitani. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani jeshi likishindwa huenda wengi zaidi wakaumia. Lakini mtu aliyelala juu ya machela si bunduki iliyoharibika. Ni mtu.

Tena kanuni ya daktari peke yake haitoshi. Tuitazame vita ya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatukumbusha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja mwaka 1916. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Wengine walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, ukapikwa nusunusu. Mwishoni mwa mwaka huo huo, maelfu ya askari wa Kizungu walioumwa walirudishwa kwao Afrika Kusini. Mpagazi aliendelea kubeba mzigo.

Hapo twaona kwamba zamu ya mgonjwa hupangwa kabla hajaugua. Hupangwa na yule agawaye chakula, blanketi na dawa. Daktari mwema humkuta mpagazi amekwisha kuwekwa nyuma.

Nasi je? Heshima kwa mzee ni jambo jema, wala hatumlaumu yule kijana. Lakini ilitupasa kujibu, "Marahaba mwanangu, mpishe kwanza yule mama." Maneno machache tu, na hatukuyasema.