Nani Mgonjwa, ama Nani Amelipa?

Hebu tuulizane: mtu akiugua, swali la kwanza liwe lipi? "Unaumwa wapi?" ama "Umelipa?"

Kwetu Takaba, Mandera Magharibi, tuna jibu la zamani. Linaitwa qaaraan. Mama akihitaji kupelekwa hospitali kubwa, wazee wanakaa, jamaa wanapigiwa simu mpaka Eastleigh, kila mtu anatoa alicho nacho. Mwenye ngamia anauza ngamia, mwenye duka anatuma M-Pesa, asiye na kitu anaomba dua. Hakuna anayeuliza mgonjwa mwenyewe alichanga lini mara ya mwisho.

Tangu Oktoba 2024 Kenya ina mpango mwingine: SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa kuhusu nyumba yake na mali yake, kisha anakadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na kanuni inataka alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwenye zahanati na vituo vya afya, mpango unasema matibabu ni bure. Lakini ukilazwa hospitalini, swali la mchango linakusubiri.

Sasa, mfugaji ana kipato gani? Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mtu anaweza kuhesabiwa tajiri mwezi wa kwanza, na mwezi wa sita akawa anahesabu mizoga. Mali inayotembea, inayokunywa na kufa, fomu itaipimaje?

Wengine wataniambia: basi tubaki na qaaraan, serikali ituache. Siwezi kukubali. Ukame ule ule ndio ulioonyesha udhaifu wa qaaraan. Mvua ikikosa haimkosi jirani mmoja; inatukosa sote. Anayeomba na anayeombwa wote wanabaki mikono mitupu. Na je, mgeni asiye na ukoo hapa? Nani atampigia simu?

Ndiyo maana tunaihitaji serikali. Kapu lake ni pana: Takaba ikikauka, Kericho bado wanachuma chai. Pesa ya kule inaweza kumtibu mtoto wa huku, na kesho mambo yakageuka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya. Kila mtu, si kila aliyechanga.

Kwani kuchanga ni kubaya? Hata. Qaaraan yenyewe ni mchango. Ila anayechanga ni mwenye nacho, wakati anacho, kwa ajili ya aliyeanguka. Kodi inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na mfugaji naye huilipa kila anaponunua kredi ya simu ama petroli ya pikipiki. Hajawahi kuwa mtu wa kula bure.

Kwa hivyo kapu liwe la serikali, lakini swali liwe la wazee wetu. Anayefika hospitali amebebwa aulizwe kwanza anaumwa wapi. Hesabu za pesa tuzifanye sisi wazima, mapema, kabla hajafika.