Sauti Isiyo na Jina

Hivi, ndugu msomaji, mtu anaweza kuipenda sauti huku hamtaki mwenye sauti? Swali la ajabu, eti? Lakini wapo wanaoishi nalo kila siku. Tuwaangalie Wapashtuni wa Afghanistan na Pakistan.

Wana shairi fupi liitwalo landay. Mishororo miwili tu, wa kwanza mizani 9, wa pili 13. Halina jina la mtunzi, na nyingi zimetungwa na wanawake, wengi wao wasiojua kusoma. Humo ndani wanasema yote: mume mzee, mapenzi ya siri, vita. Masimulizi yanasema Malalai aliwatia moyo wapiganaji wa Maiwand mwaka 1880 kwa landay. Wanaume wanamsifu hadi leo. Shule na hospitali zimeitwa kwa jina lake.

Sasa njoo kazini. Jalalabad, Machi 2021: wasichana watatu wa kituo cha televisheni cha Enikass walipigwa risasi wakirudi nyumbani. Kazi yao ilikuwa kutia sauti katika tamthilia za kigeni, yaani Mturuki anafumbua mdomo, linatoka neno la nyumbani. Hata sura zao hazikuonekana! Desemba 2020 alikuwa ameuawa mtangazaji wa kituo hichohicho pamoja na dereva wake. Jina lake? Malalai Maiwand.

Haya, kundi la Dola ya Kiislamu ndilo lililojitapa kwa mauaji hayo, na mtu atasema wale ni wauaji tu, usiwapake watu wote. Sawa. Ila Taliban waliporudi Agosti 2021 walitumia karatasi na mhuri. Desemba 2022 wanawake wakakatazwa kazi katika mashirika yasiyo ya serikali, Aprili 2023 hata Umoja wa Mataifa. Agosti 2024 ikaja sheria kwamba sauti ya mwanamke nayo ni ya kusitiriwa.

"Kila nchi na mila zake," ananiambia rafiki yangu mmoja, tena msomi. Mila ipi, bwana? Landay si mila? Na Malala Yousafzai wa Swat, aliyepata Nobel mwaka 2014, si Mpashtuni?

Mimi naona siri iko kwenye jina. Afghanistan, kulitaja jina la mwanamke mbele za watu kumehesabiwa aibu kwa wengi. Anakuwa mama wa fulani, mke wa fulani. Mwaka 2017 wanawake wakaanzisha kampeni kuuliza jina langu liko wapi, na ilibidi wangoje hadi Septemba 2020 ndipo sheria ikaruhusu jina la mama kwenye kitambulisho cha mtoto. Kwetu nasi twaitana Mama Asha, tena kwa heshima. Lakini orodha ya mishahara haina Mama Asha. Kazi inataka jina kamili, saini, na kiti chako mwenyewe. Landay haidai kitu. Unaweza kuiimba, ukafurahi, usimlipe mtu. Ndiyo maana inapendwa na wale wale wanaomfungia mlango mtangazaji.

Mwaka 2024 polisi wa mkoa wa Khost walivionya vituo vya redio visipokee simu za wasichana. Simu tu! Sekondari zilikuwa zimefungwa kwao tangu 2021, redio ndiyo ilikuwa imebaki.