Kushirikishwa na Kushirikiana: Mzazi na Mwalimu katika Uongozi wa Shule za Katavi

Neno shirika ni kongwe katika pwani ya Waswahili, na ukongwe wake umelipa uzito. Wavuvi wanaposhirikiana chombo, kila mmoja hulijua fungu lake: liko la chombo chenyewe, liko la nahodha, na yako ya mabaharia. Samaki wakipatikana, hugawanywa. Bahari ikichafuka na nyavu zikapotea, hasara nayo huwa na wenyewe. Hapana mshirika wa faida peke yake, wala hapana mshirika wa hasara peke yake. Mtu anayeitwa kuvuta kamba tu, kisha samaki wakahesabiwa naye hayupo, huyo si mshirika. Huyo ni kibarua, tena kibarua asiye na ujira.

Kipimo hiki cha wavuvi chafaa pia mbali na bahari. Na kipelekwe magharibi ya Tanzania, Mpanda, mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mahali ambapo miaka hii wazazi na walimu wamekuwa wakipewa mafunzo ili waongoze shule kwa pamoja na kupanga maendeleo yake. Swali ni hili: mzazi anapoitwa kushiriki katika uongozi wa shule ya mwanawe, huitwa kama mshirika au kama kibarua? Na ikiwa yampasa afunzwe kwanza ndipo ashiriki, afunzwe nini, na ni nani mwingine apasaye kufunzwa pamoja naye?

Swali hili lina makali ya pekee katika Katavi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu humo watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Katika miaka kumi, idadi ilizidi maradufu. Wakonongo, Wapimbwe na Wabende, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, leo wanaishi jirani na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba. Kadhalika wapo watu wa Katumba na Mishamo, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu, idadi yao ilizidi 160,000. Katika nchi ya namna hiyo, wazazi wa shule moja si lazima wawe jamaa wa ukoo mmoja, wala si lazima wazikane au waozane. Yamkini jambo la kwanza kuwakutanisha ni watoto wao kukaa dawati moja. Kamati ya shule huwa ndiyo baraza lao la kwanza.

Kisheria, baraza hilo si geni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inazitambua kamati za shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 pamoja na kufutwa kwa ada ya shule za msingi, ulizitwisha kamati hizo mzigo mkubwa zaidi: kuandaa mpango wa shule, kusimamia ujenzi wa madarasa, na kuidhinisha matumizi ya fedha za akaunti ya shule. Baadaye ukaja EQUIP-Tanzania, mpango uliofadhiliwa na Uingereza, ulioanza mwaka 2014 katika mikoa mingine kisha ukaifikia Katavi; na baada yake ukafuata mradi wa Shule Bora, ambao Katavi ni mmojawapo wa mikoa yake tisa. Katika juhudi hizi, walimu wakuu walifunzwa uongozi, kamati zikafunzwa kupanga na kutunza hesabu, na mbali ya kamati pakaundwa ushirikiano wa wazazi na walimu ujulikanao kwa jina la UWAWA.

Mtu anaweza kuuliza kama mafunzo haya hayana kiburi ndani yake. Mzazi amemzaa mtoto, amemnyonyesha, amemfundisha kusema. Wahenga wenyewe walipotaka kumtaja mwalimu wa kwanza walimtaja mama, wakasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Iweje leo mama huyo aambiwe kwamba hana budi kufunzwa kabla ya kusema neno juu ya malezi ya mwanawe? Haki isiyotumika ila kwa cheti ni haki gani?

Hoja hii ina ukweli, lakini haimalizi jambo. Kuwa na haki ni kitu kimoja, na kuwa na uwezo wa kuitumia ni kitu kingine. Na ichukuliwe hesabu. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, fedha ya uendeshaji wa shule ya msingi ilikadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zilikusudiwa kufika shuleni, na zilizosalia zilikuwa za vitabu. Shule yenye wanafunzi 800 ilitarajia, kwa hesabu hiyo, shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi: ndani yake mna chaki, karatasi za mitihani na matengenezo ya milango. Mjumbe wa kamati asiyejua hesabu hii atawekewa daftari mbele yake, ataonyeshwa pa kutia sahihi au dole gumba, naye atatia. Amehudhuria, ameorodheshwa, amekunywa soda, na amekwenda zake. Kwenye taarifa itaandikwa kwamba wazazi walishirikishwa. Lakini hakuna aliloamua.

Kumnyima mtu huyo mafunzo kwa kisingizio cha kumheshimu ni kumdhulumu mara ya pili. Ni sawa na kumpa baharia fungu lake gizani, kisha kumwambia ahesabu mwenyewe. Kwa hiyo mafunzo ni haki ya mzazi. Si sharti alilowekewa ili astahiki kusikilizwa, bali ni deni analodai ili kusikilizwa kwake kuwe na maana.

Hata hivyo, hiyo ni nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Mambo ya daftari hufundishika. Mtu aliyeuza tumbaku au mpunga maisha yake yote hashindwi kujua kilichoingia na kilichotoka. Kinachomshinda aghalabu si hesabu, bali ni kuuliza: kusimama mbele ya mwalimu mkuu, mtu wa kalamu na wa serikali, akasema, "Mwalimu, fedha hizi mbona sizioni katika mpango tuliokubaliana?" Swali hilo halihitaji elimu kubwa. Lahitaji mtu wa pili asiyekasirika anapoulizwa. Na mtu huyo wa pili ndiye ambaye mafunzo mengi huyapita kando.

Lugha yenyewe inafichua siri hii. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikishwa ni tendo la mwingine juu yake: aliye na mlango humfungulia asiye nao, na aweza kuufunga apendapo. Kushirikiana ni habari nyingine kabisa, kwani kiambishi kile kidogo cha katikati kinadai watu wawili, kila mmoja akimtendea mwenziwe. Ndivyo ilivyo pia kwa kufunza. Mzazi akifunzwa peke yake, kilichopatikana ni mzazi aliyefunzwa na mwalimu aliye vilevile. Uongozi wa pamoja hautaki kufunzwa bali kufunzana: mzazi ajifunze kusoma mpango wa shule, na mwalimu ajifunze kwamba kipupwe na masika vina sauti katika mpango huo, kwamba kikao kilichoitwa wakati wa kupanda mahindi ni kikao kisichotaka watu, na kwamba mama anayenyamaza kikaoni huenda ananyamaza kwa sababu Kiswahili cha kikao si lugha ya nyumbani kwake.

Dhidi ya haya yote imesimama methali moja ya pwani: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni onyo la haki. Shule ambayo kila mzazi humfundisha mwalimu namna ya kufundisha kugawanya haitafika popote. Lakini methali hiyo inasema juu ya usukani, haisemi juu ya safari. Nahodha ni mmoja, na hapana baharia mwenye akili anayemnyang'anya usukani katikati ya mawimbi. Walakini chombo kinakwenda wapi, kimepakia nini, na faida itagawanywaje, hayo huamuliwa na washirika kabla tanga halijapandishwa. Ufundi wa kufundisha ni wa mwalimu. Makusudi ya shule si yake peke yake.

Jaribio gumu zaidi la fikra hii katika Katavi halihusu fedha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa huo wasichana 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Hapakuwa na mkoa mwingine uliofikia kiwango hicho, na wastani wa nchi nzima ulikuwa 27. Panapotajwa jambo hili, maneno huwa yale yale. Mwalimu husema wazazi wamewatelekeza binti zao. Mzazi husema mtoto alitoka nyumbani akiwa chini ya mikono ya walimu. Na wote wawili huweza kumlaumu mgeni aliyehamia juzi, au mwendo mrefu wa kwenda shuleni. Lawama huzunguka kama bao, na binti yuko nje ya mchezo.

Daktari James Comer wa Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, alikutana na lawama za namna hii alipoanza kazi katika shule mbili za mji wa New Haven mwaka 1968. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa mtafaruku. Hatimaye aliunda kikundi cha kupanga na kuongoza shule, chenye walimu, wazazi na wafanyakazi wengine, akakiwekea kanuni tatu: kutolaumiana, kuamua kwa maafikiano, na kushirikiana. Comer alijua alilolisema. Mama yake alikuwa mtumishi wa majumbani ambaye hakusoma ila kidogo sana, naye ndiye aliyehakikisha wanawe wanasoma. Pwani nayo ina ushahidi wake. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, haukuwafunza walimu peke yao. Kamati za wanakijiji, wanawake wakiwamo, zilifunzwa kuiendesha shule kama mali yao.

Kutolaumiana hakuna maana ya kusamehe uzembe. Maana yake ni kwamba kikao huuliza kwanza lifanywe nini, kisha ndipo kiulize nani alikosea. Tangu Novemba 2021, serikali ya Tanzania imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Waraka umefungua mlango, lakini waraka hauwezi kumshika mtoto mchanga wakati mamaye yumo darasani, wala kuyazuia macho ya wanafunzi wenziwe. Hayo yataka bibi wa mtoto na mwalimu wa darasa wakae pamoja wakapatane: nani atamlea mtoto, binti afike saa ngapi, na nani atawanyamazisha wachekao. Hapo ndipo mpango wa shule unapokuwa mpango. Mafunzo yasiyowafikisha watu hawa wawili kwenye benchi moja yamewapa maneno matupu.

Basi kipimo cha wavuvi kinabaki pale pale. Mzazi akikumbukwa siku ya kuchangia matofali na kusahauliwa siku ya kuamua yajengwe nini, ametumiwa. Akialikwa kuamua bila kuonyeshwa hesabu, amedanganywa. Akionyeshwa hesabu na asijibiwe anapouliza, ametiwa uchungu ambao hautamrudisha kikaoni tena. Mshirika ni yule aliyepo samaki wakihesabiwa. Katika shule ya Mpanda, kama katika shule ya kisiwani, samaki hao ni watoto, na hesabu yao haikamiliki mpaka ajulikane na yule mmoja asiyekuja leo, na pawe na wawili waliokwisha kupatana nani ataondoka kwenda kumwita.