Oili Mpya na Sikio la Mwenye Gari

Ukikaa kwenye kijiwe chochote cha madereva hapa Dar es Salaam, iwe Buguruni au Mwenge, utakuta ubishi mmoja usiokwisha. Mmoja atasema: "Jana nimemwaga oili, bwana, gari sasa inateleza, huisikii hata ikinguruma." Mwingine atamjibu kwamba huo ni uongo wa moyo, eti kilichoteleza ni hela yake mfukoni. Watacheka, chai itaisha, na kesho wataanza upya. Mimi naona ubishi huu ni mzito kuliko wanavyoudhania, maana ndani yake limejificha swali jingine: wema usiosikika tuufanye kwa sababu gani?

Tuanze na injini yenyewe, ndugu msomaji, tusije tukafanya falsafa ya hewani. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, shafti yake kuu inazunguka mara 50 kila sekunde. Kama chuma hicho kingesuguana na beringi zake pakavu, safari isingefika mbali. Kinachokiokoa ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alitoa taarifa ya majaribio yake juu ya msuguano kwenye beringi za mabehewa ya reli. Alikuwa ametoboa tundu juu ya beringi ili aingizie oili. Badala ya kuingia, oili ikawa inapanda na kumwagika nje. Akaziba tundu kwa kizibo, kikasukumwa kikatoka. Akagongomea kigingi cha mti, nacho kikatoka. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: chuma kinachozunguka huivuta oili hadi mahali panapobana, shinikizo linapanda, na chuma kinanyanyuka. Kwa maneno mengine, shafti ya daladala iliyojaza abiria inaelea juu ya oili, na hakuna abiria hata mmoja anayejua.

Sasa, oili huchoka. Joto huiunguza, masizi huingia ndani yake, petroli kidogo hupenya kando ya pistoni na kuizimua, na zile dawa zilizotiwa kiwandani za kuulinda uzito wake hukatikakatika. Oili iliyopungua uzito hutoa utando hafifu, na utando hafifu hauzimi vizuri mlio wa chuma kinapokutana na chuma. Tena kama kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya alama, pampu huvuta hewa, na huko juu kwenye valvu utasikia ta-ta-ta-ta kama cherehani. Ukimwaga na kujaza mpya, kelele hiyo inaweza kuondoka. Kwa hiyo anayesema gari limetulia huenda anasema kweli tupu.

Lakini mbishi wa pili naye ana hoja. Masizi na joto, mara nyingine, huifanya oili kuukuu iwe nzito zaidi, na oili nzito huficha kelele. Tena pale tu unapowasha baada ya kubadilisha, filta mpya bado tupu, injini inaweza kulia zaidi kwa sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu. Na siku ya kumwaga oili ndiyo siku fundi hupuliza filta ya hewa, huangalia plagi na kujaza upepo matairi. Gari likiwa jepesi utasema ni oili. Ongeza na hili: mtu aliyetoka kulipa hutamani asikie alicholipia. Sikio nalo lina tamaa zake.

Hapo ndipo ninapotia shaka. Kama sikio linadanganyika kwa bahati mbaya, basi linaweza pia kudanganywa makusudi. Kila anayeijua biashara ya magari ya mkononi anaijua mbinu hii: injini iliyolika inagonga, muuzaji anamwaga oili iliyomo, anatia nzito kupita inavyotakiwa, pengine na dawa ya kuizidisha uzito. Mnunuzi anakuja, gari linawashwa, kimya. Anazunguka mtaa mmoja, bado kimya. Analipa. Injini inaanza kugonga hela ikishaliwa.

Wapo watakaosema soko ni soko, kila mtu aje na fundi wake. Mimi sikubali. Mzee mwenye gari lake bovu akitia oili nzito ili lisogee mpaka mwisho wa mwezi, hajamkosea mtu, anajua anachokifanya na hasara ni yake. Kopo lile lile likimiminwa ili mwingine asisikie, linageuka kuwa uongo, hata kama muuzaji hakufungua mdomo. Na uongo huo hauishii kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala maarufu juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hatakubali kulipa bei ya zima, na wenye magari mazima wataona bora wayaondoe sokoni. Kijana anayeuza gari alilolitunza kwa jasho anapunjwa kwa sababu ya makopo ya watu asiowajua.

Sasa tumtazame dereva wa daladala, ambaye gari si lake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Amepewa hela ya oili. Akiila, akabandika kikaratasi cha kilomita mpya kana kwamba amemwaga, nani atajua? Kesho gari litawaka. Wiki ijayo litawaka. Beringi zitalika polepole bila kupiga kelele, na siku injini itakapokufa huenda dereva atakuwa mwingine, naye ndiye atakayetukanwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini hawakusema mshindo huo utamwangukia nani.

Kwa nini basi amwage oili? Hofu haitoshi, maana hakamatwi. Faida haitoshi, maana si yake. Nadhani sababu iko hapa: kuna kazi ambazo ubora wake anaujua aliyezifanya peke yake. Ukizifanya vizuri pale tu panapoonekana, hujawahi kuzifanya vizuri, umefanya maonyesho. Konda anayekula kwa gari lile, mama anayewahi soko alfajiri, wote wameegemea kitu ambacho dereva peke yake alikiona kikiingia ndani ya injini.

Ila haki iende pande zote mbili. Tajiri anayedai hesabu kamili siku gari liko gereji, anayesikia habari ya oili na kujibu "mbona lilikuwa linakwenda tu?", huyo anamfundisha dereva wizi. Anataka matunzo yasiyosikika, lakini anakubali kulipia kelele tu. Akiletewa injini iliyokufa asishangae sana. Naye aliamini sikio lake, akaona ukimya umeshamaliza kila kitu.

Kwa hiyo nikiulizwa kijiweni kama oili mpya hulifanya gari liteleze na kutulia, nitajibu hivi: mara nyingine ndiyo, kidogo, hasa kama ya zamani ilikuwa imechoka au imepungua. Mara nyingi hutasikia tofauti yoyote. Mwaga vile vile, kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na oili ya uzito ulioandikwa humo. Ukienda kununua gari la mtu na ukalikuta kimya mno, chomoa kijiti cha oili, angalia, kisha muulize mwenyewe limemwagwa oili lini, na kwa nini.